Darasa la picha za mandhari Kilimanjaro: mwongozo kwa mpiga picha anayetaka kuliongoza

Mtu akitajiwa Kilimanjaro huwaza kilele: kufika Uhuru, mita 5,895, kupiga picha mbele ya ubao na kushuka. Darasa la picha za mandhari ni safari nyingine kabisa. Ushauri wangu wa kwanza kwa mpiga picha anayetaka kuliongoza ni huu: usiwapeleke wanafunzi wako kileleni. Usiku wa kupanda kilele watu hutembea gizani kwa saa nyingi, vidole vimekufa ganzi, kichwa kinauma, na jua linapochomoza wengi hawana nguvu hata ya kufungua zipu ya begi la kamera. Hapo hapafundishiki. Picha nzuri za mlima huu zinapatikana chini zaidi, mahali ambapo mtu bado ana pumzi ya kufikiri.

Nitaeleza darasa la siku tano kwa njia ya Marangu: lango la Marangu, usiku mmoja Mandara (mita 2,720), usiku tatu Horombo (mita 3,720), kisha kushuka. Nimechagua njia hii kwa sababu ndiyo yenye vibanda vya kulala. Upande wa kusini mwa mlima hupata mvua nyingi, na mwanafunzi aliyelala pakavu na kamera yake ikalala pakavu ataamka saa 11 alfajiri bila kusukumwa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kuangalia jua linakopita

Waandaaji wengi huangalia mvua tu. Ni sawa kuanzia hapo: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba si wakati wa kuleta darasa. Hapo unabaki na vipindi viwili vya ukavu, Januari na Februari, na Juni hadi Oktoba. Kwa mpiga picha vipindi hivi havifanani hata kidogo, na tofauti inatokana na jua.

Kilimanjaro iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua huchomoza kaskazini-mashariki na kupita upande wa kaskazini mwa mlima. Desemba na Januari huchomoza kusini-mashariki na kupita upande wa kusini. Sasa fikiria umesimama Horombo. Kibo, kilele kikuu chenye Uhuru, iko kaskazini-magharibi yako, umbali wa kilomita kumi na kitu. Mawenzi, kilele cha pili chenye miamba, iko karibu zaidi, kaskazini na kidogo mashariki. Asubuhi ya Januari jua liko mgongoni mwako, linaipiga Kibo usoni, na barafu ya upande wa kusini inawaka. Asubuhi ya Julai jua linatokea mkono wa kulia, mwanga unapita ubavuni mwa mlima, mabonde na matuta yanajitokeza vizuri, lakini barafu ya kusini inabaki kivulini.

Jioni tofauti ni kubwa zaidi. Katikati ya mwaka jua huzama nyuma ya Kibo, na kivuli cha Kibo huifunika Mawenzi mapema kabla ya dakika zile nzuri kufika. Desemba hadi Februari jua huzama kusini zaidi, linaikwepa Kibo, na miamba ya Mawenzi hupata mwanga mwekundu hadi mwisho. Ndiyo maana mimi huchagua mwisho wa Januari na Februari. Tena kipindi hicho mara nyingi kuna theluji iliyoachwa na vuli. Anayetaka sehemu ang'avu ya Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nyota angani, usiku wa mapema, achague Juni hadi Agosti na akubali kupoteza jioni za Mawenzi.

Ukishachagua mwezi, tazama mwezi wa angani. Darasa la nyota linataka giza, kwa hiyo panga siku zako karibu na mwezi mwandamo. Mwezi mpevu nao una faida yake kwa kupiga mlima wenyewe usiku, ila huwezi kupata vyote katika safari moja, na ni vizuri wanafunzi wajue hilo kabla hawajalipa.

Hatua ya 2: Kampuni, mwongozaji na ruhusa

Hakuna anayepanda Kilimanjaro peke yake. Hifadhi iko chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, na kila mgeni, Mtanzania au wa nje, anaingia kupitia kampuni iliyosajiliwa, akiwa na mwongozaji mwenye leseni. Kwa hiyo hata kama wewe ndiye mwalimu, kiongozi wa msafara mlimani ni mwongozaji. Akisema turudi, mnarudi. Kubalianeni hilo mapema, tena mbele ya wanafunzi.

Kaa naye chini kabla ya safari umweleze darasa la picha lilivyo, maana ni tofauti na alilozoea. Mwambie mtatoka vibandani gizani, mtasimama dakika arobaini mahali pamoja, mtarudi mahali palepale jioni. Mwombe wasaidizi wa kutosha, ili mwanafunzi aliyebaki nyuma akipiga picha ya ua asiachwe peke yake.

Mambo ya ruhusa yaulize kwa maandishi. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi hifadhini bila kibali maalumu, kwa hiyo waambie wanafunzi waziache nyumbani. Picha na filamu za kibiashara zina utaratibu wake na malipo yake. Waeleze hifadhi darasa lako ni la nini na picha zitatumikaje, wakupe jibu. Mifuko ya plastiki ni marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na watu wa picha ndio wenye tabia ya kufunga vifaa kwa mifuko hiyo. Nunua mifuko isiyopitisha maji ya kitambaa.

Kuhusu wapagazi, wagumu, kama wanavyoitwa mlimani: kikomo cha mzigo wa mgeni kwa mpagazi ni kilo 20, na kamera zina uzito. Hesabu vifaa vya darasa zima, kisha ongeza mpagazi badala ya kuongeza kilo. Uliza kampuni inawalipa kiasi gani kwa siku, inawalisha mara ngapi, na wanalala wapi. Kampuni inayokwepa maswali haya, achana nayo. Picha iliyobebwa na mtu mwenye njaa haina heshima.

Hatua ya 3: Idadi ya wanafunzi na mazungumzo ya kabla

Wanafunzi sita kwa mwalimu mmoja. Wanane kama una msaidizi anayejua kamera. Zaidi ya hapo unakuwa mtembezaji, huwi mwalimu, kwa sababu mwanga mzuri ni mfupi mno. Huku karibu na ikweta jua hupanda wima. Kutoka linapochungulia hadi mwanga unapopoteza rangi ya dhahabu ni kama dakika 25. Kwa wanafunzi sita hizo ni dakika nne nne kila mmoja.

Usiwabague wenye simu. Simu ya leo inatosha kabisa kufundishia kupanga picha, kusubiri na kuona, na mwenye simu hana mzigo wa lenzi. Wapokee, ila uwaambie wazi kwamba nyota zitawasumbua.

Zungumza na kila mmoja kuhusu afya. Mwenye shida ya moyo, ya mapafu, au mjamzito amwone daktari kwanza. Waeleze pia kwamba Horombo usiku joto linaweza kushuka hadi karibu na sifuri, hata kama Moshi mjini watu wanalala na feni.

Hatua ya 4: Vifaa

Orodha ndefu huzaa begi zito, na begi zito huzaa mwanafunzi asiyetaka kutoka alfajiri. Kamera moja. Lenzi pana, kama milimita 16–35 au inayokaribia hapo, na lenzi ndefu, milimita 70–200. Hiyo ndefu watu huiacha nyumbani wakidhani mandhari ni lenzi pana tu, kumbe ndiyo itakayoileta Kibo karibu na kuchonga miamba ya Mawenzi. Tripodi imara lakini nyepesi. Filta ya kupunguza mng'ao kwa ajili ya msituni. Huko juu itumie kwa tahadhari: anga la mwinuko tayari ni la bluu nzito, na ukiweka filta hiyo kwenye lenzi pana upande mmoja wa anga utakuwa karibu mweusi.

Betri tatu angalau, na benki ya umeme. Umeme wa vibandani ni wa jua na ni wa taa, usiutegemee kuchajia kamera saba. Baridi huishusha betri haraka, kwa hiyo usiku zilale ndani ya begi la kulalia pamoja na mwenyewe, na asubuhi zikae mfuko wa ndani wa koti. Taa ya kichwa yenye mwanga mwekundu. Vitambaa vya kufutia lenzi, vingi. Glavu nyembamba ndani, nene juu.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, fundisha msituni

Fikeni langoni mapema, maana uandikishaji huchukua muda. Kutoka hapo hadi Mandara ni kama kilomita nane za msitu, na huu ndio ukumbi wako wa kwanza wa kufundishia. Kosa la waandaaji wengi ni kuupita mbio kana kwamba mlima unaanzia juu.

Msitu unataka mawingu. Siku yenye jua kali sakafu ya msitu inakuwa madoadoa meupe na meusi yasiyotulia. Siku ya ukungu rangi zote za kijani zinatoka. Wafundishe filta hapa: waizungushe wakitazama jani lenye maji, waone mng'ao unavyoondoka na kijani kinavyorudi. Kisha waachie zoezi moja tu, kutafuta umbo ndani ya vurugu. Msitu una kila kitu na hauna mpangilio. Mwanafunzi achague shina moja, au shada la ndevu za mzee, ile kuvumwani ya kijivu inayoning'inia tawini, na avitoe vingine vyote nje ya fremu. Njiani tazameni chini pia, kuna Impatiens kilimanjari, ua dogo jekundu na njano ambalo halioti kwingine duniani ila kwenye mlima huu. Mbega wakipita juu, wapigwe picha, ila msiwafukuzie.

Hatua ya 6: Siku ya pili, Maundi alfajiri kisha Horombo

Kutoka Mandara hadi kreta ya Maundi ni mwendo wa nusu saa hivi. Ondokeni saa 11 alfajiri. Mwaka mzima jua la hapa huchomoza kati ya saa 12:05 na saa 12:40, na mwanafunzi anatakiwa awe amesimama, tripodi imefungwa, nusu saa kabla. Kutoka ukingoni unaona nyanda za upande wa Kenya na, anga likiwa safi, Kibo na Mawenzi nyuma yako. Hilo neno nyuma yako ndilo somo. Kila mtu atageukia jua. Wewe wageuze. Jua lenyewe ni doa jeupe. Kinachopigwa picha ni kile jua linachokigusa.

Kifungua kinywa kinywewe mkirudi, kisha mpande kama kilomita 12 hadi Horombo. Msitu unaisha ghafla, inaanza mierika, vichaka vya majani membamba, halafu nyasi na protea, vichaka vya maua makubwa. Nendeni polepole, kweli polepole. Leo msifundishe sana. Mwili una kazi yake ya kuzoea mwinuko.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, Horombo

Hapa ndipo penye moyo wa darasa.

Asubuhi ni ya Kibo. Pandeni kidogo juu ya vibanda mpaka mlima ujitokeze, na mjipange kabla ya mwanga. Mpangilio wa kuanzia: tundu la lenzi f/8 au f/11, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, faili la RAW, yaani ghafi, tripodi, shata kwa saa ya kamera ya sekunde mbili ili mkono usitikise. Kamera hudanganywa na theluji: ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga na theluji inatoka ya kijivu. Waongeze mwanga kwa hatua moja hivi, wakitazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo, isigonge ukuta wa kulia. Chini yenu mara nyingi bahari ya mawingu imeifunika tambarare yote. Ni nzuri sana, na kwa sababu hiyo ni mtego, maana mwanafunzi atapiga picha mia za mawingu zinazofanana. Mwombe atafute kitu cha mbele cha kusimama dhidi yake.

Na kitu hicho kipo, bondeni karibu na vibanda: miti ya senesio mikubwa, Dendrosenecio kilimanjari, na lobelia, Lobelia deckenii. Mimea hii wafundishe kwa kueleza inavyoishi, kwa sababu picha inatoka humo. Senesio haidondoshi majani yake makavu. Inayabakiza shinani yawe koti la kuzuia baridi. Usiku majani mabichi ya juu hujifunga kulinda kichipukizi, na jua likipanda hufunguka. Kwa hiyo senesio ya saa 12 asubuhi na ya saa 4 ni maumbo mawili. Lobelia hushika maji katikati ya majani yake, na usiku maji hayo huganda juu. Alfajiri unaweza kukuta kisahani cha barafu ndani ya ua la majani. Mwanafunzi anayejua haya atapiga magoti mahali sahihi, saa sahihi. Miti hii hukua polepole mno, na tope la bondeni linashika alama ya kiatu kwa muda mrefu, hivyo miguu ya tripodi na ya watu ibaki kwenye njia na mawe.

Kuanzia saa 4 au 5 mawingu huanza kupanda. Jua limepasha joto miteremko, hewa yenye unyevu wa msitu inainuka. Huo ni muda wa kula, kulala kidogo, na kusafisha lenzi. Ukiingiza kamera baridi ndani ya ukumbi wa chakula wenye joto, iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, la sivyo unyevu utatua hadi ndani ya lenzi.

Jioni ni ya Mawenzi. Mawingu yanaweza kuwafunika hadi saa 12, na wanafunzi watataka kurudi kwenye chai. Wabakize. Hewa ikipoa mawingu huzama yenyewe, na mara nyingi mlima hufunguka dakika kumi tu kabla ya jua kuzama. Lenzi ndefu, miamba, na kiraka cha wingu kikipita katikati: hiyo ndiyo picha ya Mawenzi.

Usiku, wasiochoka watoke. Taa nyekundu tu. Anza na f/2.8, sekunde 20, ISO 3200, fokasi ya mkono kwa kukuza nyota moja kwenye kioo mpaka iwe nukta. Februari mtaona Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zinazofanana na madoa ya wingu, upande wa kusini, na chini yake taa za Moshi. Anayetaka mistari ya nyota ajue kwamba hapa ncha ya anga iko karibu kabisa na upeo wa macho, kwa hiyo atapata nusu duara juu ya tambarare, hatapata duara kamili.

Hatua ya 8: Siku ya nne, Zebra Rocks na ukingo wa Saddle

Zebra Rocks ni ukuta wa mwamba wenye michirizi myeupe na myeusi iliyoachwa na maji yenye madini, juu kidogo ya mita 4,000. Panafaa kwa somo la maumbo na rangi nyeusi-nyeupe, hata mwanga ukiwa mkali. Mkiwa na nguvu endeleeni hadi mnapouona uwanda wa Saddle, jangwa la mlimani kati ya Mawenzi na Kibo. Hapo mweke mtu mmoja mbali kwenye fremu. Bila mtu, ukubwa wa mahali hauonekani.

Leo pia ndiyo siku ya kumwangalia kila mmoja machoni. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kinachozidi, kutapika, kukosa usingizi kabisa: mtu apumzike, asipande. Kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa: ashushwe mara moja, hata usiku, hata kama jua linachomoza na ndiyo picha ya maisha yake.

Hatua ya 9: Kutazama picha pamoja

Fanya kila jioni, baada ya chakula, si zaidi ya saa moja. Kila mtu picha tatu, azichague mwenyewe. Kuchagua ni nusu ya kazi. Mwenye picha anyamaze kwanza, wenzake waseme jicho limeingilia wapi na limekwama wapi. Usikubali neno zuri wala baya bila sababu. Mwongozaji naye mkaribishe aseme. Anaujua mlima huu kwa miezi yote, na atakuambia wingu lile kesho litafanya nini.

Hatua ya 10: Kushuka, malipo na kuhifadhi

Siku ya tano mnashuka moja kwa moja. Bakshishi ya wapagazi, mpishi na wasaidizi ihesabiwe hadharani, kila mtu apewe mkononi mwake. Aliyepigwa picha, na awe ameombwa ruhusa kwanza, apewe picha yake. Kusanyeni namba zao kabla hamjaachana langoni, kwa sababu ahadi ya nitakutumia huishia barabarani.

Nina jambo moja la mwisho ninaloliomba kwa kila darasa. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kibo ilipoteza kama asilimia 85 ya barafu yake. Chagueni mahali pamoja juu ya Horombo, jiwe linalotambulika, na kila darasa lipige kutoka hapo picha moja ya Kibo, lenzi ileile, urefu uleule. Andikeni tarehe, saa, urefu wa lenzi na mahali kwa vipimo vya GPS, hifadhini faili la RAW sehemu mbili tofauti. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe.